Mshahara Umetoka, Haujaingia: Uhakiki wa Istilahi za Malipo na Wizi wa Mishahara

Kila mwisho wa mwezi, maofisini, mashuleni na hospitalini, husikika sentensi mbili fupi ambazo hakuna kamati iliyozitunga wala baraza lililozisanifisha: mshahara umetoka, na mshahara umeingia. Wasemaji hawazichanganyi hata kidogo. Kutoka ni tendo la upande wa mwajiri. Kuingia ni jambo linaloonekana katika akaunti ya mfanyakazi. Baina ya hayo mawili mna safari, na katika safari hiyo ndimo mshahara hukwama, hurudishwa, huzuiwa au huibwa. Madhumuni ya makala haya ni kuyapima maneno ambayo Kiswahili cha ofisi, cha magazeti na cha tafsiri kinayatumia kuieleza safari hiyo na maovu yanayoipata. Tuna maoni kwamba katika jambo hili wananchi wa kawaida wamewatangulia wataalamu, na kwamba baadhi ya istilahi tulizozizoea zinamficha mwizi na kumchelewesha aliyeibiwa.

Tuanze na neno lenyewe. Mshahara tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake imefungamana na neno la lugha hiyo lenye maana ya mwezi. Mshahara basi ni kile cha kila mwezi, tofauti na ujira, ambao hufuata kazi iliyofanyika hata ikiwa ya siku moja, na tofauti na posho, ambayo zamani ilikuwa chakula cha kupimiwa. Neno limebeba miadi ndani yake: mshahara ambao mwezi unakatika haujaonekana umekwisha kulikana jina lake. Wakati mishahara ilipolipwa dirishani, mfanyakazi alisimama mbele ya mlipaji, akahesabu noti zake, akatia sahihi au dole gumba katika orodha. Wakati huo kutoka na kuingia lilikuwa tendo moja, mkono kwa mkono. Ni benki iliyoyatenganisha, na tangu yalipotenganishwa lugha imekuwa ikitafuta maneno ya kuujaza mwanya huo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 27, inaukumbuka bado ulimwengu wa dirishani. Inataka mfanyakazi alipwe fedha taslimu, mahali pa kazi, katika saa za kazi na siku iliyokubaliwa, isipokuwa mwenyewe akubali kulipwa kwa hundi au kwa kuingiziwa fedha katika akaunti aliyoitaja kwa maandishi. Tunamwomba msomaji ayashike maneno hayo ya mwisho, kwa maandishi, kwani tutayarudia.

Njia hii ya pili ya kulipa inaitwaje kwa Kiswahili? Katika nyaraka zinazotafsiriwa kwa ajili ya Waswahili waishio Marekani, ambao wengi wao ni wakimbizi waliotoka Kongo, tumekutana mara nyingi na fungu la maneno amana ya moja kwa moja. Twaona kwamba mfasiri hapa amelitafuta neno la benki badala ya kulitafuta tendo. Ni kweli kwamba benki huziita amana fedha ambazo wateja wameziweka kwake. Lakini mshahara, kabla ya kufika benki, si amana ya mtu yeyote. Amana ni mali yako iliyo mikononi mwa mwingine kwa kuaminiana. Mshahara ni haki unayomdai aliyekutumikisha. Mtu mgeni wa kiwanda, aliyesoma Kiswahili chake Bukavu au Uvira, akiambiwa kwamba mwajiri atamlipa kwa amana, aweza kudhani kwamba fedha zake zitahifadhiwa mahali mpaka azihitaji. Hata moja kwa moja si maneno ya kuaminika sana hapa, maana fedha hizo hazendi moja kwa moja: hutoka kwa mwajiri, hupita benki yake, hupita katika mtandao wa mabenki, ndipo zifike.

Na neno hilo kupita ndilo Watanzania wamelichagua bila ya kumwuliza mtu. Husema: mshahara wangu unapitia benki fulani, nimehamisha, sasa naupitishia kwingine. Mabenki yenyewe, yanapotangaza mikopo, huwaita wafanyakazi wapitishe mishahara yao kwao. Twapendekeza basi mshahara wa kupitia benki kwa aina ya malipo, na upitishaji wa mshahara kwa tendo lake. Kwa kupokea neno hilo tunapata mfululizo mzima wa vitenzi vya asili: mshahara hutoka, hupita, huingia. Istilahi nyingine zote zinaweza kutundikwa juu ya vitenzi hivyo vitatu.

Sasa tufike kwenye tatizo. Mfanyakazi asiyeona fedha katika akaunti yake husema mshahara haujaingia. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini inaeleza mwisho wa safari tu. Haisemi safari ilikatikia wapi. Aliye juu yake naye, aghalabu bila ya kuchunguza, humjibu kwa kitenzi kimoja: umechelewa. Hapa ndipo lugha inapoanza kuleta hasara. Kuchelewa husemwa juu ya kitu kilicho njiani kinachokuja. Aambiwaye kwamba mshahara wake umechelewa hana la kufanya ila kungoja, na kama siku yenyewe ni Ijumaa atangoja mpaka Jumatatu. Kumbe huenda hakuna kinachokuja.

Hali zilizofichwa ndani ya haujaingia ni nyingi, na kila moja ina mlango wake wa kugongwa. Huenda mshahara haujatoka: jina halimo katika orodha ya mwezi huo, au mwajiri hajalipa mtu yeyote. Hilo ni la kumwuliza afisa utumishi, na swali la kwanza ni kama wenzake wamepata. Huenda umerudi: ulitoka vizuri, lakini benki ikaukataa kwa sababu tarakimu moja ya akaunti imekosewa, au akaunti imefungwa, au imelala kwa kutotumika muda mrefu. Hapo fedha hazikupotea. Ziko mahali panapojulikana, na kinachotakiwa ni kusahihisha namba na kulipa upya. Huenda umezuiwa, yaani mwenye mamlaka ameamuru usilipwe, na hapo mfanyakazi ana haki ya kudai barua inayosema ni nani aliyeamuru na kwa sababu gani. Ofisi zetu zinapenda mno kusema umesimama, kana kwamba mshahara ulichoka njiani ukaamua kupumzika. Kauli ya kutendwa, umesimamishwa au umezuiwa, humlazimisha msemaji kuwa tayari kwa swali linalofuata: na nani?

Lakini huenda pia mshahara umetoka, umepita, na umeingia. Umeingia katika akaunti ya mtu mwingine. Hali hii ya mwisho ndiyo inayotaka haraka kuliko zote, na ndiyo isiyo na jina. Katika mtandao wa malipo ya mabenki wa Marekani, mwajiri aliyetuma malipo kwa makosa ana siku 5 za kazi za benki za kutuma ombi la kuyarudisha, na mwizi hazingoji siku 5. Huzitoa fedha siku ileile ziingiapo. Mfanyakazi aliyeambiwa angoje Jumatatu amekwisha kuuawa kwa kitenzi.

Wizi wenyewe hufanyika hivi. Mhasibu au karani wa mishahara hupokea barua pepe inayoonekana kutoka kwa mfanyakazi anayemfahamu. Barua ni ya adabu, fupi, haina vitisho: nimebadilisha benki, tafadhali kuanzia mwezi huu mshahara wangu uupeleke katika akaunti hii. Karani hubadilisha. Mshahara hutoka kwa siku yake, na mwenyewe hajui lolote mpaka mwisho wa mwezi. Njia nyingine ni ya kumnasa mfanyakazi mwenyewe kwa barua ya hadaa, akatoa neno lake la siri, kisha mwizi akaingia katika mfumo wa mishahara na kuibadilisha akaunti kwa mkono wake. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo juu ya njia hii Septemba 2018. Mwaka uliofuata lilieleza kwamba kati ya Januari 2018 na Juni 2019 lilipokea malalamiko 1,053 ya wizi wa barua za namna hiyo, yenye hasara ya zaidi ya dola milioni 8, yaani wastani wa dola 7,904 kwa kila lalamiko. Mnamo Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilitangaza habari za kundi lililokuwa likiwashambulia watumishi wa vyuo vikuu nchini humo. Wezi hao, baada ya kuingia katika barua pepe ya mtumishi, waliweka kanuni ya kufuta kila taarifa iliyotoka katika mfumo wa mishahara, ili mwenyewe asione kwamba akaunti yake imebadilishwa.

Msomaji wa Tanzania asidhani kwamba haya ni mambo ya mbali. Ujumbe wa simu usemao ile hela itume kwenye namba hii umekwisha kumfikia karibu kila mwenye simu nchini. Muundo wake ni uleule: mwizi hamwombi mtu fedha mpya, bali hutafuta malipo ambayo tayari yako njiani, akabadilisha mwisho wa njia. Tofauti ni kwamba ujumbe wa simu hurushwa ovyo kama wavu, ilhali barua ya mshahara huandikwa kwa jina la mtu maalumu na kupelekwa kwa karani maalumu.

Wizi huu tuuite nini? Wizi wa mishahara mtandaoni ni pana mno. Maneno hayo yanaweza kumhusu hata mtu aliyevunja akaunti ya benki na kuzichukua fedha zilizokwisha kuingia. Uelekezaji upya wa mishahara, ambao tumeuona katika tafsiri moja, ni mbaya zaidi, kwa kuwa hauna hatia ndani yake: mfanyakazi anayehama benki kwa hiari yake naye anauelekeza upya mshahara wake. Maharamia wa mishahara, maneno yanayolingana na yale waliyoyatumia Microsoft kulitaja kundi la mwaka 2025, yanapendeza katika kichwa cha habari. Lakini haramia wa bahari zetu huteka chombo kwa nguvu, na huyu wa mishahara huiba kwa unyenyekevu na tafadhali nyingi.

Sisi twapendekeza uchepushaji wa mshahara. Kitenzi chepusha kina picha inayofaa kabisa. Mkulima aliye juu ya mfereji huchepusha maji usiku yakaenda shambani kwake; maji hayakukauka, mfereji haukupasuka, na mwenye shamba la chini huamka asubuhi akaona udongo mkavu. Barabarani nako tunalo neno mchepuko kwa njia ya muda inayowatoa wasafiri katika njia kuu. (Neno hilo mitaani limepewa kazi nyingine, ambayo msomaji anaifahamu na sisi hatuna haja ya kuieleza. Hatuoni kwamba linaharibika kwa hilo. Hata huko maana ni ya kitu kilichoiacha njia yake.) Kutoka chepusha tunapata mchepushaji kwa mtenda, mshahara uliochepushwa kwa kilichotendwa, na kizuizi cha uchepushaji kwa hatua za kuukinga. Istilahi moja ikizaa tatu bila kutumia nguvu, hiyo ni dalili ya afya.

Sasa tuyarudie yale maneno ya sheria, kwa maandishi. Yalipotungwa mwaka 2004 yamkini kila mtu aliwaza karatasi, kalamu na sahihi. Baadaye Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 iliyakubali pia maandishi ya kielektroniki. Kwa hiyo barua pepe ni maandishi, na barua pepe ya mwizi nayo ni maandishi. Kilichomlinda mfanyakazi wa zamani hakikuwa maandishi. Kilikuwa uso wake mwenyewe mbele ya karani. Hapa lugha inatakiwa kutofautisha maneno mawili ambayo ofisi zinayatumia kana kwamba ni sawa: uhakiki na uthibitisho. Kuhakiki ni kulichunguza jambo lenyewe kama ni kweli. Karani anayetazama kama namba ya akaunti ina tarakimu za kutosha, na kama jina la benki lipo, amehakiki. Mwizi hupita katika uhakiki huo bila ya shida, kwa sababu akaunti yake ni ya kweli na benki yake ni ya kweli. Kuthibitisha ni kulirudisha jambo kwa mwenyewe akalikubali: kumpigia mfanyakazi kwa namba ya simu iliyokuwamo katika jalada lake tangu zamani, wala si kwa namba iliyoandikwa katika barua ileile inayotiliwa shaka, na kumwuliza, ndugu, ni wewe? Mwongozo wowote wa mishahara unaosema mabadiliko ya akaunti yahakikiwe, ukaishia hapo, umeacha mlango wazi. Uandike: yathibitishwe na mwenyewe.

Hadi hapa tumesema juu ya anayemwibia mfanyakazi. Yuko mwizi wa pili, wa zamani zaidi, ambaye humwibia mwajiri, na hasa Hazina, kwa kulipisha mishahara ya watu wasiofanya kazi. Kwake tumeshapata istilahi, tena maarufu: mfanyakazi hewa, au mtumishi hewa. Neno hili lilienea kila pembe ya Tanzania mwaka 2016. Mwezi Machi mwaka huo Rais John Magufuli aliwaagiza wakuu wa mikoa wawatafute watumishi hewa katika mikoa yao, na kufikia mwezi Mei serikali ilikuwa imetangaza kwamba majina zaidi ya 10,000 yameondolewa katika orodha ya mishahara. Mkuu wa mkoa mmoja, Shinyanga, alitoa taarifa kwamba kwake hakuna hata mmoja; uchunguzi wa pili ukaonyesha 45, naye akaondolewa madarakani mwezi Aprili. Hatusemi kwamba tofauti ya sifuri na 45 ilitokana na neno. Tunasema kwamba neno lenyewe halikuwa na mipaka ambayo mtu angeweza kuhesabia.

Kwani hewa ni nani? Waingereza humwita mtu huyo mzimu, na Wakongo, kwa Kifaransa chao, humwita wa kubuni. Sisi tumechagua hewa, na kama tamathali ni nzuri. Ina dharau ndani yake, inaeleweka mara moja, nayo imekwisha kuzaa wanafunzi hewa, kaya hewa, pembejeo hewa na mikopo hewa. Kasoro yake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba inawachanganya watu wa aina tofauti kabisa. Yumo ndani yake mtu ambaye hakuzaliwa kamwe, jina tupu lililopachikwa. Yumo marehemu ambaye ofisi haikulifuta jina lake. Yumo mstaafu, na aliyeacha kazi akaenda zake bila kuaga. Yumo mtoro ambaye yupo, anaishi, anapokea, ila kazini haonekani. Yumo mtu mmoja mwenye majina mawili katika orodha. Na pasipo uangalifu anaweza kutiwa humo mwalimu aliye masomoni kwa ruhusa, au muuguzi aliyehamishwa ambaye barua yake ya uhamisho haijafika, au mama aliye katika likizo ya uzazi siku ya kuhesabiwa. Hao wa mwisho si wezi. Wakiitwa hewa mshahara wao huzuiwa, nao huanza kutembea na majalada kutoka ofisi hii hadi ile, wakithibitisha kwamba wana mwili.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Hewa haifungui akaunti ya benki. Hewa haijazi fomu ya ajira, haiidhinishi orodha, haisimami mbele ya mashine ya kutolea fedha. Kila mfanyakazi hewa ana watu walio hai nyuma yake: aliyeliingiza jina au aliyeliacha kwa makusudi, aliyetia sahihi, na anayepokea. Tunaposema wafanyakazi hewa 10,000 wameondolewa, sarufi ya sentensi inatuambia kwamba wakosaji wamepatikana na wameondoka. Lakini walioondoka ni majina. Ulinganishe na istilahi iliyotawala mwaka uliofuata. Mwezi Aprili 2017 serikali ilitangaza watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kughushi ni kitenzi. Kina mtenda, kina siku, kina mahali, na mahakama inakijua. Mshitakiwa husomewa shitaka la kughushi, la wizi akiwa mtumishi, au la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Hakuna aliyewahi kusomewa shitaka la hewa.

Hatupendekezi kwamba neno hewa lifutwe. Wananchi wamelipenda, na magazeti hayataliacha kwa sababu ya waraka wetu. Tunapendekeza libaki kuwa jina la jumla la mazungumzo, na kwamba taarifa za ofisi na za ukaguzi zigawe hesabu zake kwa maneno yanayotaja tendo: majina yaliyopachikwa, kwa yale ambayo hayakuwa na mtu tangu mwanzo, majina yasiyoondolewa, kwa marehemu, wastaafu na walioacha kazi, majina pacha, kwa mtu mmoja anayelipwa mara mbili. Mtoro aitwe mtoro, jina analolistahili na ambalo sheria za utumishi zinalijua. Aliye likizo au masomoni asiwe na jina katika taarifa hiyo hata kidogo. Wenzetu wamepinga pachika kwa kusema ni neno la mafundi na la washonaji. Hiyo ndiyo sababu tumelipenda: kiraka hakijipachiki.

Yapo maneno ya ukaguzi ambayo tungependa kuyagusa kwa ufupi. Wakaguzi husisitiza kwamba mtu anayeingiza majina katika orodha asiwe ndiye anayeidhinisha malipo, wala ndiye anayelinganisha orodha na hesabu za benki. Kanuni hii kwa Kiswahili imezoeleka kuitwa mgawanyo wa majukumu. Lakini kugawa ni kumpa kila mtu fungu lake ili kazi iishe mapema; ofisi yenye makarani watatu wanaofanya kila kitu kwa zamu nayo imegawana majukumu, na wizi ukaendelea kwa zamu. Kinachokusudiwa ni kutenga, yaani kuhakikisha kwamba mafungu fulani hayakutani mikononi mwa mtu mmoja. Utenganishaji wa majukumu unasema hivyo. Kadhalika, kulinganisha hesabu za mwajiri na za benki huitwa usuluhishi wa kibenki, na kila tulisikiapo hatuna budi kuwaza wazee wawili wamekaa kwenye mkeka wakiwapatanisha mume na mke. Msuluhishi hutaka pande zote mbili zilegeze. Mhasibu akilegeza, shilingi zimekwenda. Ulinganishaji wa hesabu watosha, na mwanafunzi wa darasa la saba ataelewa kwamba orodha mbili zinawekwa sambamba kuona palipopishana. Jina pacha huonekana hapo, na akaunti moja inayopokea mishahara ya watu watatu huonekana hapo pia.

Limebaki neno moja ambalo tumeombwa mara kadhaa tulibadilishe, nalo ni cheki namba. Ni namba anayopewa mtumishi wa umma wa Tanzania anapoingia katika orodha ya mishahara, na ndiyo inayomtenganisha na wenzake wenye jina kama lake. Wanaolichukia neno hili husema ni Kiingereza kilichovishwa kanzu, na wametuletea namba ya utambulisho wa mtumishi katika orodha ya mishahara. Maneno hayo tisa yana usahihi wote unaoweza kutakiwa, isipokuwa kwamba hakuna mtu atakayeyatamka dirishani. Mwalimu wa Ngara au Nanyumbu aijuaye cheki namba yake kwa moyo anayo silaha: mshahara usipotoka, hutaja tarakimu zake naye karani hana pa kujificha. Katika fomu ya kubadili akaunti twapendekeza nafasi yake iwe ya kwanza kabisa, kabla ya jina, na kando yake iwepo nafasi ya akaunti ya zamani, ambayo mchepushaji mara nyingi haijui. Cheki namba lipokelewe kama lilivyo. Swali pekee ni la tahajia, kwani wapo wanaoliunganisha. Sisi tunaona liandikwe kwa maneno mawili, cheki namba, na wingi wake usibadilike.